Alianza na swichi ya taa nyumbani kwake, akakabidhiwa Shazam!, kisha akarudi kwenye mizimu: nilichokiona kwa David F. Sandberg

Najua wengi mnaingia hapa kutafuta zile habari zetu za "msanii fulani" na "mrembo mmoja wa mjini", tunawaficha majina halafu nyie mnakesha kubishana ni nani. Leo pumzikeni kidogo. Leo namtaja mtu kwa jina lake lote, maana hana cha kufichwa. Anaitwa David F. Sandberg, mzaliwa wa Uswidi mwaka 1981, dairekta wa Lights Out, Annabelle: Creation na Shazam!

Kama jina halikuambii kitu, usijisikie vibaya. Sisi watazamaji tunamjua steringi, tunamjua adui, tunamjua hata yule jamaa wa pembeni anayekufa wa kwanza. Dairekta nani ana habari naye? Lakini kazi zake umeshaziona. Kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza ukaziba macho kwa kiganja halafu ukachungulia katikati ya vidole pale yule mdoli Annabelle anapokaa tu kwenye kiti bila kufanya lolote, basi kuna uwezekano mkubwa aliyekufanyia hivyo ni huyu bwana.

Nimekuwa namfuatilia kwa miaka kadhaa sasa, na mwezi huu nimemfuatilia zaidi kuliko zamani kwa sababu zangu binafsi. Nitazisema mbele huko. Kwanza tumwelewe mtu mwenyewe.

Mwaka 2013 Sandberg na mke wake, Lotta Losten, ambaye ni mwigizaji, walikuwa wanaishi Uswidi maisha ya kawaida tu. Yeye alikuwa anatengeneza katuni fupi na video za maelezo, na kwenye intaneti alikuwa anatumia jina la ponysmasher. Hakuwa na studio, hakuwa na mjomba Hollywood. Alichokuwa nacho ni kamera, kompyuta, nyumba waliyokuwa wanaishi, na mke anayejua kuigiza. Wakaamua kutengeneza muvi fupi za kutisha humo humo ndani. Moja iliitwa Cam Closer. Iliyofuata ikaitwa Lights Out, na hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Lights Out ile fupi haifiki hata dakika 3. Dada mmoja anataka kwenda kulala, anazima taa ya kwenye korido. Taa ikizima, anaona umbo la mtu limesimama kule mwisho. Akiwasha, hakuna kitu. Anazima, lipo. Anawasha, halipo. Anazima tena, na safari hii limesogea. Basi anachukua gundi ya karatasi, anaibandika swichi isizimike, anakimbilia kitandani na kujifunika shuka. Nawaachia mwisho wake mkautazame wenyewe, ila msitazame usiku mkiwa peke yenu halafu mkaja kunilaumu mimi.

Hakuna maongezi humo. Hakuna damu. Hakuna hadithi ya jini lililotoka wapi na linataka nini. Kuna swichi tu. Na ujanja wenyewe wa kuitengeneza wala siyo wa mabilioni. Kamera inasimamishwa sehemu moja isitikisike, unapiga mara moja mtu akiwepo, unapiga mara nyingine asiwepo, kisha vipande unaviunganisha kwenye kompyuta. Hiki ni kitu ambacho kijana yeyote mwenye simu na stendi anaweza kujaribu leo jioni. Sandberg mwenyewe baadaye aliweka video akionyesha hatua kwa hatua walivyofanya, hakuwa mchoyo.

Walivyoitengeneza, waliipeleka kwenye shindano la muvi fupi za kutisha la Bloody Cuts huko Uingereza, na Sandberg akapata tuzo ya dairekta bora. Ingeishia hapo ingekuwa ni hadithi nzuri ya kusimulia wajukuu. Lakini haikuishia hapo. Ile video ikaanza kusambaa yenyewe kwenye intaneti. Watu wakawa wanatumiana, unajua tena, "hebu tazama hii halafu uniambie". Mamilioni ya watu wakaitazama.

Halafu simu na barua pepe zikaanza. Mawakala, maprodyuza, watu wa studio, wote wanataka kuongea na jamaa wa Uswidi anayezima taa. Sandberg amewahi kusimulia kwamba walikuwa wengi mpaka ikabidi atengeneze jedwali kwenye kompyuta, aandike fulani ni nani na mara ya mwisho walizungumza nini, ili asije akawachanganya. Hapa mimi huwa nacheka kila nikikumbuka. Jana huna mtu wa kukuuliza umekula nini, leo unahitaji daftari la kukumbuka wanaokutafuta.

Mmoja wa walioingia kwenye mpango huo ni James Wan, yule aliyeongoza Saw ya 2004 na The Conjuring ya 2013. Wan akawa mmoja wa maprodyuza wa kuigeuza ile video ya dakika chache kuwa muvi kamili. Na kiti cha dairekta wakampa Sandberg mwenyewe. Sasa jiulize: mtu hajawahi kufanya kazi kwenye seti kubwa hata siku moja, hata ya kubeba nyaya, na seti ya kwanza anayoingia yeye ndiye bosi wake! Amewahi kulisema hilo waziwazi. Mambo mengi ya jinsi seti kubwa inavyoendeshwa, nani anafanya nini, ilibidi ayajue akiwa tayari yuko kazini.

Lights Out ndefu ikatoka Julai 2016. Na hapa naomba tuongee namba, maana namba ndizo zilizonifanya nianze kuiandika makala hii.

Lights Out ilitengenezwa kwa dola milioni 4.9. Ikaingiza karibu dola milioni 149 duniani. Gawanya mwenyewe: ni kama mara 30 ya kilichowekwa.

Mwaka uliofuata, 2017, akapewa Annabelle: Creation. Bajeti dola milioni 15, mapato zaidi ya milioni 300. Hiyo ni kama mara 20. Na kama kuna aliyekuwa anasema ile ya kwanza ilikuwa bahati, hapo alinyamaza.

Halafu ndipo likaja jambo kubwa. Shazam!, Aprili 2019. Hapa siyo mizimu tena, hapa ni shujaa wa kuruka angani, mtoto wa miaka 14 anayetamka neno moja na kugeuka mtu mzima mwenye misuli na radi kifuani. Bajeti ikaruka mpaka kama dola milioni 100, ikaingiza zaidi ya milioni 360. Watu waliipenda. Ina kicheko, ina familia, ina mtoto aliyepotezana na mama yake kwenye tamasha la burudani akiwa mdogo. Mimi nilivyoitazama mara ya kwanza nililia pale anapompata huyo mama, na sioni aibu kusema.

Lakini tazama kwa makini utaona mtu wa mizimu bado yupo humo ndani. Kuna sehemu yule adui, Daktari Sivana, anaingia kwenye kikao cha kampuni ya baba yake na yale madude saba ya dhambi, na wanachowafanya wale wajumbe nyuma ya mlango wa kioo siyo cha kuwaonyesha watoto wadogo. Hiyo sehemu kaiongoza yule yule wa korido na swichi. Na ukiwa na jicho kali utamwona mdoli Annabelle amekaa dukani kwenye muvi hiyo hiyo, kwenye duka la vitu vya rehani. Kamsalimia mtoto wake wa zamani.

Hapa mtu anaweza kuuliza, kwani ni akili gani kumchukua mtu wa mizimu na kumpa shujaa wa watoto? Kumbe siyo jambo geni. Sam Raimi alianza na The Evil Dead mwaka 1981, muvi ya vijana waliokwama kwenye kibanda cha msituni, na mwaka 2002 akatuletea Spider-Man. James Gunn aliongoza Slither ya 2006, yenye minyoo ya kutoka angani, kisha Guardians of the Galaxy ya 2014. Scott Derrickson alifanya Sinister ya 2012, baadaye Doctor Strange ya 2016. Huyo huyo Wan alifanya Aquaman ya 2018, ikavuka dola bilioni moja.

Mimi naona sababu ni hii. Mtu wa muvi za kutisha amezoea kufanya kikubwa kwa kidogo. Hana hela ya kulipua jiji zima, kwa hiyo inabidi ajue mlango ufunguke taratibu kiasi gani, kimya kikae sekunde ngapi kabla ya kelele, kivuli kipite wapi. Anajua kukushika moyo bila kukununulia. Sasa mpe mtu kama huyo hela nyingi, utegemee kitu.

Ila kuna upande wa pili wa hesabu, na hapo ndipo hadithi yetu inapogeuka.

Machi 2023 ikatoka Shazam! Fury of the Gods. Bajeti zaidi ya dola milioni 100, mapato ya dunia nzima kama milioni 134. Mtu atasema, sasa si bado imezidi? Hapana, mtu wangu. Kwanza majumba ya sinema yanachukua sehemu yake, na kwa makadirio ya kawaida ni kama nusu ya tiketi. Pili hiyo bajeti ya kutengeneza huwa haijumuishi hela za matangazo, na matangazo ya muvi kubwa yanakula mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo hiyo milioni 134 ni hasara, tena ya wazi.

Na mazingira yenyewe hayakuwa upande wake. Mwishoni mwa Januari 2023, wiki chache tu kabla ya muvi kutoka, wakuu wapya wa filamu za DC, James Gunn na Peter Safran, walikuwa wametangaza mipango mipya kabisa ya mashujaa wao. Watazamaji wakaelewa kwamba ile dunia ya zamani inafungwa. Ni sawa na kuzindua duka lako huku kila mtu ameshasikia soko lenyewe linavunjwa. Hata uwe na bidhaa nzuri, nani atakuja kufungua akaunti ya mkopo kwako?

Mtandaoni wakamshukia. Nyie mnajua watu wa mashujaa walivyo, ni kama Simba na Yanga, tena bila refa. Sandberg akaandika kwenye mtandao maneno ambayo mimi niliyasoma mara tatu. Kwa ufupi alisema kwamba baada ya miaka sita ya Shazam amemalizana na mashujaa kwa sasa, ana hamu ya kurudi kwenye muvi za kutisha, na anatamani kujitoa kwenye zile kelele za mashabiki maana zilikuwa zinampa presha. Lakini akasema pia hajutii kuzifanya zile muvi mbili. Alijifunza mengi na alikutana na watu wazuri.

Na kweli akarudi. Aprili 2025 ikatoka Until Dawn, iliyotokana na gemu la PlayStation. Vijana wanafika sehemu, wanauawa usiku, halafu usiku unaanza upya na wanauawa kwa namna nyingine, mpaka waweze kufika alfajiri wakiwa hai. Mwandishi mmojawapo ni Gary Dauberman, yule yule aliyemwandikia Annabelle: Creation. Na bajeti? Dola milioni 15. Ile ile ya mwaka 2017. Mapato yakawa zaidi ya milioni 50. Siyo maajabu ya Lights Out, lakini hakuna soko lililovunjika.

Sasa nilivyokuwa nasoma watu wanavyomwandika, neno lililorudi sana ni "kashuka". Kutoka milioni 100 mpaka 15, kashuka. Kutoka radi mpaka giza, kashuka. Na hapo ndipo mimi niliposimama nikasema hapana, hebu ngoja kwanza.

Nieleze sababu yangu. Mimi nimeishia fomu foo, wale wa siku nyingi mnajua, sijawahi kuficha. Kuandika nimejifunzia humu humu, kwa simu, kwa kusoma wenzangu na kwa kurekebishwa na nyie. Wale wa mwanzo mtakumbuka nilivyokuwa nachanganya herufi mpaka bro mmoja akawa ananitumia masahihisho inbox kila wiki kama mwalimu. Naishi Morogoro na mama yangu, ambaye anauza chakula karibu na stendi ya Msamvu, na mdogo wangu wa kiume ambaye mwaka huu amepata nafasi chuo cha ufundi na ada yake bado tunaitafuta.

Mwezi huu kampuni moja ya Dar, na hii naiweka kwenye kundi letu la "fulani" kama kawaida, imenitafuta. Wanataka niende niwaendeshee kurasa zao za mitandao. Kuna mkataba wa miaka miwili, bima, na mshahara ambao kiukweli sijawahi kuushika mkononi. Wamesema walipenda ninavyoandika. Lakini kwenye mkataba kuna kipengele kimoja: kwa muda wote nitakaokuwa nao, nisiandike kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Huu hapa unaousoma. Ufungwe.

Mama nilimwambia jioni akiwa anaosha masufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, nakuombea kila siku mlango ufunguke. Sasa umefunguka unaniuliza kama uingie?" Nikamwambia, "Mama, siogopi kuingia. Nauliza kama nikiingia nitaruhusiwa kutoka." Akacheka, akasema hayo ni maneno ya kwenye simu. Labda ni kweli. Lakini na yeye usiku huo hakulala mapema, nilimsikia akigeuka geuka.

Ndiyo maana nikarudi kumsoma Sandberg, na safari hii sikusoma namba peke yake. Nilitafuta alichokuwa anafanya katikati ya zile muvi kubwa. Na nikakikuta.

Mwaka 2020, dunia imefungwa kwa ajili ya korona, muvi zimesimama. Huyu tayari ni dairekta wa Shazam!, mtu ambaye studio imemkabidhi dola milioni 100. Alifanya nini? Alichukua kamera na kukaa nyumbani na mke wake wakatengeneza muvi fupi ya kutisha inaitwa Shadowed. Wawili tu, ndani kwao, giza na taa. Kisha wakafanya nyingine, Not Alone in Here. Wakaziweka mtandaoni kama walivyofanya 2013. Na siyo 2020 tu. Ukirudi nyuma utakuta hata mwaka 2016, mwaka ambao Lights Out kubwa ilikuwa inaingia kwenye kumbi, wao walitoa Closet Space, fupi ya dakika chache. Na Lotta ameonekana kwenye Lights Out ndefu, pale mwanzoni, kwenye Annabelle: Creation, na kwenye Shazam! pia.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba kashuka. Ili ushuke lazima uwe ulihama kabisa kule chini. Huyu hakuhama. Alipanda juu kufanya kazi, lakini nyumba yake ya kazi, ile ya korido na swichi, aliiacha imefagiliwa na taa inawaka. Siku ule mlango mkubwa ulipofungwa, hakuanza kutafuta pa kulala. Alikuwa na kwao.

Na nyie mnamjua mtu wa kinyume chake, msiseme hamumjui. Kila mji una msanii fulani aliyekuwa anaimba kwenye maharusi, akatoboa, akawacheka wa maharusi, akabadilisha namba ya simu. Mziki ulivyogeuka akakuta juu hayupo na chini hawamtaki. Sitaji jina. Leo tena siku ya majina imeisha.

Halafu kuna lile la Derrickson, nililiacha makusudi. Baada ya Doctor Strange ya kwanza, ilitangazwa kwamba ataongoza ya pili. Januari 2020 ikatangazwa kwamba yeye na studio hawakukubaliana jinsi ya kuitengeneza, akajitoa, na kiti kikaenda kwa Sam Raimi. Watu wakasema kapoteza. Yeye akaenda kufanya The Black Phone, muvi ya mtoto aliyefungiwa chini ya nyumba na simu mbovu ya ukutani, kwa bajeti ndogo sana ukilinganisha na Doctor Strange. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 160. Na Raimi naye, baada ya Spider-Man ya tatu mwaka 2007, alirudi kwenye kutisha kwanza na Drag Me to Hell ya 2009. Hawa watu wanapanda na kushuka hiyo ngazi kama sisi tunavyopanda na kushuka daladala. Hakuna anayelia kituoni.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi hela ni mbaya. Atakayeniambia hela ni mbaya aje anilipie ada ya mdogo wangu kwanza, ndipo tukae kuongea falsafa. Na Sandberg mwenyewe hakukataa zile milioni 100. Alizichukua, akafanya kazi kwa miaka sita, akatutengenezea muvi ambayo watoto wa mtaani kwetu bado wanapiga kelele "Shazam!" wakiruka mtaro. Angekataa kwa kuogopa ningemshangaa.

Ninachosema ni kwamba kuna kazi kubwa inayokutumia jinsi ulivyo, na kuna kazi kubwa inayotaka kwanza uzime kile kilichofanya wakuone. Hizo ni kazi mbili tofauti hata kama mshahara ni mmoja. Wale wa Hollywood walimpenda jamaa kwa sababu ya swichi, na alipoenda kwao hawakumwambia asiiguse swichi tena. Mimi hawa jamaa wamenipenda kwa sababu ya ukurasa huu, halafu sharti lao la kwanza ni niufunge. Hapo ndipo penye mfupa.

Basi nimefanya hivi. Ijumaa nimewajibu. Nimewaambia kazi naitaka, Dar niko tayari kuja, saa zao za kazi nitaziheshimu na siri zao hazitakanyaga hapa. Lakini kile kipengele kiondolewe, au kibadilishwe nibaki na siku moja tu ya kuandika, Jumapili, kwa muda wangu na bando langu. Mama nimemsomea barua yenyewe kabla sijaituma. Alisema imeandikwa kwa adabu. Kisha akauliza, "Na wakikataa?" Nikakaa kimya. Yeye ndiye aliyejibu: "Basi ada tutaihangaikia kama tulivyohangaikia yako." Hapo ndipo nilipojua na yeye alikuwa amefikiria.

Jibu lao wamesema ni Jumatatu. Sijui litakuwaje. Wanaweza kukubali, wanaweza kuniambia wapo mia wanaoitaka hiyo nafasi bila masharti, na kweli wapo. Likija la kukataa litauma, sitawadanganya, maana ile hela nilishaanza kuipangia kichwani mpaka na bati za jikoni.

Ila wakati nasubiri, nina kazi moja ya kuwapa. Itafuteni ile Lights Out fupi ya 2013, siyo ile ndefu. Zimeni taa, vaeni vipokea sauti, mtazame hizo dakika chache. Kisha mkumbuke kwamba hiyo ilikuwa korido ya nyumba ya watu, na dada mnayemwona ni mke wa aliyeshika kamera.

Halafu niambieni hapo chini: ingekuwa wewe, ungefunga ukurasa? Na kuna nani mnayemjua alipanda, akarudi, na bado anadunda? Huyo mtajeni kwa jina, ni sifa yake. Wale wengine tuendelee na "fulani".